Ukiitafuta Nyakasimbi, Anza na Bukoba

Mwaka 2002 sensa ilihesabu watu 425,476 katika Wilaya ya Karagwe. Agosti 2012 makarani wakapita tena nyumba kwa nyumba, na safari hii jumla ya wilaya ikawa 332,020. Anayezisoma namba hizo mbili bila kujua lingine lolote atashika kichwa. Watu 93,456 wamekwenda wapi? Muongo ule Karagwe haikupata vita wala tauni ya kufagia umati kama huo.

Jibu halimo katika jedwali la sensa. Limo katika uamuzi wa Serikali wa kuigawa wilaya, uliotekelezwa mwaka 2012 kabla makarani hawajaingia vijijini. Sehemu ya kaskazini ilimegwa ikawa Wilaya ya Kyerwa, na sensa ile ile ikaihesabia watu 321,026. Jumlisha pande zote mbili upate 653,046. Hakuna aliyepotea. Watu walikuwa kwenye vibanja vyao, chini ya migomba yao. Kilichohama ni mpaka, na mpaka ulipohama ukabeba na jina la juu ya jedwali.

Nyakasimbi ni kata ya Karagwe, na ilibaki upande wa wilaya mama. Anayetaka kuandika historia yake atakutana na kitendawili hicho cha sensa tena na tena, kila mara kikiwa kimevaa nguo nyingine. Nyaraka za serikali kuhusu eneo hili zipo, tena nyingi kuliko mwenyeji anavyodhani. Zimetawanyika Dar es Salaam, Dodoma, Entebbe, London, Berlin, Geneva na Washington. Ila ni nadra kuzikuta zimewekwa chini ya jina Nyakasimbi. Zimewekwa chini ya jina la aliyetawala siku zilipotiwa saini, na watawala wamepokezana mara nyingi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtafutaji ni kujua mahali hapa paliitwaje, na palihesabiwa kuwa sehemu ya nini, katika kila zamu.

Desturi ya kuzipanga nyaraka namna hiyo ina umri wake. Mwaka 1841 Antonio Panizzi, mkimbizi wa Kiitaliano aliyekuwa msimamizi wa vitabu vilivyochapwa katika British Museum jijini London, alitoa kanuni 91 za kutengeneza katalogi. Moja ya shida zilizomkabili ilikuwa chapisho lisilo na mtu aliyeliandika: sheria, amri, taarifa ya baraza. Liandikwe chini ya nani? Kanuni zake zililipeleka chini ya jina la nchi au mahali. Mwaka 1876 Mmarekani Charles Cutter alilisukuma wazo hilo mbele zaidi, akasema wazi kwamba chombo, serikali ikiwamo, kinaweza kuhesabiwa kuwa mwandishi. Wakutubi wa nchi nyingi wakalipokea, na athari yake iko mpaka leo. Mwandishi wa ripoti ya afya ya mwaka 1935 ni "Tanganyika", kana kwamba nchi nzima ilikaa mezani ikashika kalamu.

Itazame kadi moja ya katalogi ya zamani, kutoka kwenye saraka ya mbao yenye mpini wa shaba. Ni karatasi ngumu, upana sentimeta 12.5 na kimo 7.5. Chini katikati ina tundu la kupitishia fimbo ya chuma, ili msomaji asiichomoe akaondoka nayo. Mstari wa juu una jina la nchi, nukta, kisha jina la idara. Mstari wa pili umeingizwa ndani kidogo. Hapo ndipo penye jina la chapisho. Kisha mji, Mpigachapa wa Serikali, mwaka, idadi ya kurasa, kimo cha kitabu. Kona ya kushoto juu kuna nambari ya rafu, na kwa maktaba zinazofuata mpango wa Dewey mambo ya Tanzania huanza na 967.8. Kadi nzima haina nafasi ya kutaja kijiji. Hata kama kurasa kumi za ripoti hiyo zinaeleza malisho ya Karagwe kilima kwa kilima, kadi itasema "Tanganyika" na kunyamaza.

Majina ya huku yalianza kupotoka kabla serikali yoyote ya kigeni haijafika. Karagwe ilikuwa ufalme wa Abahinda, wenye makao Bweranyange. Novemba 1861 wasafiri John Hanning Speke na James Grant walipokewa huko na Mukama Rumanyika, wakakaa hadi mwaka uliofuata. Speke aliandika alivyosikia: Bweranyange ikawa "Weranhanjé", na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani na Waarabu, ikawa "Kufro". Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876, Kafuro ile ile aliiandika "Kafurro". Mto Kagera Speke aliuita Kitangulé. Stanley akaubatiza Alexandra Nile, kwa heshima ya binti mfalme ambaye hajawahi kuyaona maji yake. Vitabu hivyo havikuwa vya serikali, lakini wachora ramani na maofisa waliofuata walivitumia, na tahajia zake zikaenea. Mtafutaji asiye na karatasi ya kuandikia sura zote za jina moja ataambulia patupu, na atadhani hakuna kitu.

Kwa Karagwe hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ya majirani. Kata za wilaya hii ni pamoja na Nyakasimbi, Nyakahanga, Nyakabanga, Nyakakika, Nyaishozi na Nyabiyonza. Herufi mbili zikikosewa na mpigachapa aliyekuwa mbali, kijiji kimekuwa kingine.

Kisha wakaja Wajerumani. Novemba 1890 Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia, alianzisha kituo cha Bukoba kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Kuanzia hapo, kwa mwandishi wa ofisi, Karagwe ikawa nchi ya ndani ya Bukoba. Mwaka 1906 Bukoba ilifanywa eneo la mkazi wa serikali, pamoja na Rwanda na Burundi, maana yake Wajerumani walitawala kupitia wafalme waliokuwapo. Taarifa za maofisa zilichapwa Berlin katika Deutsches Kolonialblatt, gazeti rasmi la makoloni lililoanza mwaka huo huo wa 1890. Dar es Salaam nako kukawa na gazeti la matangazo ya serikali, Amtlicher Anzeiger, lililoanza mwaka 1900.

Machapisho mengi ya Kijerumani ya enzi hiyo yalipigwa kwa herufi za Fraktur, zile nzito zenye ncha. Maktaba zikiyapiga picha na kuyapitisha kwenye programu ya kusoma maandishi, kuna herufi moja inayosumbua kuliko zote. Katika Fraktur, "s" ya katikati ya neno huandikwa ndefu, karibu sawa kabisa na "f", isipokuwa kijistari kidogo kisichovuka upande wa kulia. Kompyuta huikosea mara kwa mara. Basi neno Nyakasimbi, likipigwa kwa herufi hizo, kompyuta inaweza kulihifadhi kuwa "Nyakafimbi". Ukurasa upo, neno lipo, jicho la mtu linalisoma bila shida, lakini kisanduku cha kutafutia hakilioni. Dawa yake si ngumu: andika na "Nyakafimbi" pia. Wanafunzi wachache sana hufundishwa jambo hili, na lingewaokolea wiki nzima za kazi.

Majalada ya Wajerumani yenyewe yana kisa chake. Vita Kuu ya Kwanza vilipowasukuma kutoka pwani, nyaraka za serikali zilihamishwa bara, na mwaka 1916 nyingi zikafukiwa ardhini huko Tabora. Baada ya vita zilifukuliwa. Leo ziko Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, na mwaka 1973 Eckhart Franz na Peter Geissler walichapa mwongozo wa majalada hayo. Mwongozo wa namna hiyo ni daraja: haukupi habari yenyewe, unakupa nambari ya jalada utakayomwandikia mhifadhi kwenye fomu. Anayeanza na mwongozo hufika kwenye meza ya kusomea akijua anachokitaka. Anayeanza kwa kuuliza "mna nini juu ya Karagwe?" humtesa mhifadhi, na mara nyingi hurudi mikono mitupu.

Gazeti rasmi la Waingereza, waliochukua nchi kutoka kwa Wajerumani, lilianza mwaka 1919, likiiita nchi eneo la Afrika Mashariki ya Kijerumani lililotwaliwa. Mwaka 1920 likawa gazeti la Tanganyika Territory. Hapo tayari kuna vichwa viwili vya katalogi kwa nchi moja ndani ya miezi michache. Lakini chanzo kizito zaidi cha zama hizo kilikwenda Geneva. Kwa kuwa Tanganyika haikuwa koloni kamili bali nchi ya udhamini, Uingereza ililazimika kupeleka ripoti ya kila mwaka kwa Shirikisho la Mataifa, na baada ya Vita Kuu ya Pili kwa Umoja wa Mataifa. Shule, kodi, barabara, magonjwa ya mifugo, mabaraza ya wenyeji: yote yamo. Karagwe humo inapatikana ukifungua Mkoa wa Ziwa, kisha Bukoba.

Mafaili ya Geneva yana hata suala la mto unaopita magharibi ya Karagwe. Mkataba wa Uingereza na Ubelgiji wa 1919 uliikata Gisaka, ng'ambo ya Kagera, ukaipa Tanganyika, kwa sababu Waingereza walitaka njia ya reli kutoka kusini kwenda kaskazini. Wamisionari na baraza la Mwami wa Rwanda walilalamika, kamisheni ya udhamini ya Geneva ikasikia, na kufikia mwanzoni mwa 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa Rwanda. Mpaka wa magharibi wa Karagwe uliamuliwa hivyo. Lakini anayeandika "Karagwe" kwenye kanzidata ya kumbukumbu za Geneva anaweza kulikosa jambo lote, kwa kuwa faharasa imeliweka chini ya "Ruanda-Urundi" na "Kisaka", kwa K.

Mfano ulio wazi kuliko yote umechapwa mwaka 1947, katika toleo la 24 la jarida la Tanganyika Notes and Records. John Ford, mtaalamu wa mbung'o, na R. de Z. Hall, ofisa wa utawala, waliandika humo makala ya historia ya Karagwe. Kwenye kichwa cha makala, baada ya neno Karagwe, waliongeza mabano: Wilaya ya Bukoba. Ufalme uliokuwa na ngoma zake, vyombo vyake vya chuma na orodha ndefu ya wafalme umewekwa nje ya mabano, na boma la mkoloni limewekwa ndani kama anwani. Hans Cory naye, mtaalamu wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya historia ya huku. Kinaitwa Historia ya Wilaya Bukoba. Mikusanyo ya karatasi za Cory iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ni hazina. Lakini kijana wa Nyakasimbi anayeandika jina la kata yake kwenye kompyuta ya maktaba hataletewa kitabu hicho hata siku moja.

Ford anafungua mlango mwingine. Ng'ombe wa Karagwe walikufa kwa wingi katika sotoka ya miaka ya 1890. Malisho yakageuka vichaka, na vichaka vikakaribisha mbung'o. Serikali ya Waingereza ilikuwa na idara nzima ya kupambana na mdudu huyo, na kituo cha utafiti Shinyanga chini ya C. F. M. Swynnerton. Kwa hiyo sehemu ya historia ya vijiji vya Karagwe, nani alihama, malisho gani yaliachwa, kichaka kipi kilifyekwa, haiko kwenye ripoti za utawala. Iko kwenye ripoti za mbung'o na malale. Ford aliirudia Karagwe kwa kina katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1971 kuhusu maradhi hayo na mazingira ya Afrika. Mtafutaji mzoefu hujifunza kuliacha jina la mahali na kushika jina la shida: mbung'o, kahawa, kodi ya nyumba, chumvi, bati.

Bati hasa. Mawe ya Kyerwa na Karagwe yana madini hayo, na uchimbaji wake ulianza enzi za Waingereza. Chapisho la serikali lenye maana sana kwa jiolojia ya huku lilitoka nchi nyingine. Mwaka 1932 Idara ya Jiolojia ya Uganda ilitoa utafiti wa A. D. Combe kuhusu kusini magharibi ya Ankole na maeneo ya jirani, kwa kuangalia hasa mashapo ya bati. Miamba ya pande mbili za mpaka ni ya ukoo mmoja, naye akaiita kwa majina ya falme mbili jirani: Karagwe na Ankole. Jina hilo limedumu. Wanajiolojia wa Rwanda, Burundi na Kongo bado wanalitumia, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kayanga, makao makuu ya wilaya, hutamka "Karagwe" kila siku maabara. Lakini kwenye katalogi mwandishi wa kitabu hicho ni Uganda. Anayepekua Tanganyika peke yake ataupita utafiti bora wa ardhi yake mwenyewe.

Sensa nazo zilikuwa na baba wa kambo. Mwaka 1948, sensa ya kwanza ya Waafrika yenye utaratibu wa kuaminika katika Tanganyika iliendeshwa na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Nairobi chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki. Mwandishi wake, kwa kanuni za wakutubi, si Tanganyika wala Kenya bali kamisheni hiyo. Mwaka 1961 kamisheni ikawa Shirika la Huduma za Pamoja. Mwaka 1967 ikawa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Kila jina lina saraka yake. Ripoti ya sensa ya Waafrika ya mwaka 1957 ilichelewa hadi 1963 kuchapwa Dar es Salaam, wakati nchi iliyohesabiwa ilikuwa imeshakuwa jamhuri. Tarehe iliyo kwenye kadi ni ya uchapaji, na mtu anayetafuta "1957" katika sehemu ya mwaka hataiona.

Fujo hiyo iliwashinda hata wenye fedha. Library of Congress ya Washington iliamua kutengeneza orodha, na mwaka 1962 ikachapa sehemu ya Tanganyika, iliyokusanywa na Audrey Walker, katika mfululizo wa machapisho rasmi ya Afrika Mashariki ya Kiingereza. Mwaka 1966 maktaba hiyo ilifungua ofisi Nairobi kununua kila kinachochapwa katika eneo hili, na kuanzia 1968 ikawa inatoa orodha ya ilivyonunua. Wanunuzi wake walijua kwamba chapisho la serikali ni kama mkungu ulioiva: usipouchukua leo, kesho haupo. Wizara huchapa nakala mia chache, zinagawiwa kwenye semina, zinaisha. Ndiyo maana baadhi ya taarifa za idara zetu za miaka ya 1970 ni rahisi kuzipata Washington kuliko makao makuu ya mkoa zilikoandikwa. Jambo hilo linauma, na kuwalaumu waliozinunua hakusaidii kitu. Walifanya kazi ambayo kila boma lilipaswa kuifanya kwa nakala moja tu na kabati moja lenye ufunguo.

Tanganyika huru haikukaa kimya. Sheria ya 1962 iliwataka wachapaji kupeleka nakala katika maktaba ya chuo kikuu kilichoanza Dar es Salaam mwaka mmoja kabla. Mwaka 1963 ikaundwa Bodi ya Huduma za Maktaba ya Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa. Kumbukumbu za serikali nazo zilipata sheria yake mwaka 1965. Orodha ya taifa ya vitabu ilianza kwa machapisho ya 1969, ikiitwa Printed in Tanzania. Mwaka 1970 Ezekiel Kaungamno akawa Mtanzania wa kwanza kuongoza huduma za maktaba, na sheria mpya ya 1975 ikaipa bodi nguvu zaidi. Mjini Bukoba kuna maktaba ya mkoa.

Wakati huo huo majina yaliendelea kuhama. Mwaka 1959 lilitengwa Jimbo la Ziwa Magharibi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria, na ufalme wa Karagwe ukakoma kuwa anwani ya serikali. Baada ya vita vya kumng'oa Idi Amin, mwaka 1979, Ziwa Magharibi ikapewa jina la mto: Kagera. Ukihesabu tangu 1890, mtoto wa Nyakasimbi amezaliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Tanganyika Territory, Tanganyika, Tanzania, Bukoba, Karagwe, Mkoa wa Ziwa, Ziwa Magharibi, Kagera, bila mama yake kusogea hatua moja kutoka kwenye kibanja.

Leo saraka za mbao zimekuwa kanzidata. Vyuo kadhaa nchini hutumia Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kupewa jina la Kimaori lenye maana ya zawadi. WorldCat inaunganisha katalogi za maelfu ya maktaba, hivyo mtu aliye Omurushaka, huko huko Karagwe, na simu yenye bando anaweza kuona kwamba ripoti anayoitaka ipo London na Washington. Kuiona haina maana ya kuisoma. HathiTrust, ghala la vitabu vya vyuo vya Marekani lililoanza 2008, hukubali kutafuta neno ndani ya kitabu na kutaja kurasa lilipo, lakini kwa machapisho mengi ya Tanganyika na Tanzania haifungui ukurasa wenyewe, kwa sababu ya hakimiliki. Namba ya ukurasa, hata hivyo, ni mali. Ukiijua, unaweza kuiomba maktaba ya Dar es Salaam ikupigie picha kurasa mbili badala ya kitabu kizima.

Sheria na hukumu ziko TanzLII, inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania. Magazeti ya serikali ya nchi nyingi za Afrika yamekusanywa kwenye Gazettes.Africa. Ripoti za sensa ziko kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na Majadiliano ya Bunge yamewekwa kwenye tovuti ya Bunge. Hayo ya Bunge yana faida moja ambayo watafiti wa nje huisahau: ni ya Kiswahili, na mbunge anapouliza swali juu ya barabara au maji hutaja kata kwa jina lake. Kwa Nyakasimbi ya miaka ya karibuni, swali la bungeni linaweza kufaa kuliko juzuu kumi za mipango.

Gazeti la Serikali linadai uangalifu wake. Lina tabaka mbili. Katika gazeti lenyewe mna Taarifa za Kawaida: mirathi, hati za ardhi zilizopotea, uteuzi, likizo za maofisa. Tangazo la Serikali, lile linaloandikwa GN na wanasheria, hutoka katika nyongeza ya sheria ndogo. Mipaka ya wilaya, majina ya mamlaka, hifadhi za misitu na wanyama huwa humo. Hesabu za namba zao ni mbili tofauti, kwa hiyo Taarifa ya Kawaida Na. 73 na Tangazo la Serikali Na. 73 za mwaka mmoja hazina undugu wowote. Zaidi ya hapo, maktaba nyingine zilijalidi gazeti na kuacha nyongeza, na nyingine zilifanya kinyume. Mtu anaweza kugeuza jalada zima la mwaka, karatasi nyembamba zilizogeuka rangi ya chai, akaapa kwamba Serikali haikutangaza chochote, kumbe nyongeza iko rafu ya pili yake.

Na kuna chapisho ambalo watu hulisahau kuwa ni chapisho: ramani. Ramani za mizani ya 1:50,000, mfululizo wa Y742, zimejaa majina ya vilima, mabonde, vijito na vijiji, kwa wingi ambao hakuna ripoti inayoukaribia. Katalogi huziorodhesha kwa namba ya karatasi. Basi mtafutaji mwenye akili huanzia hapo: anaitafuta karatasi inayoibeba Nyakasimbi, anaitandaza mezani, ananakili majina yote ya jirani kwa tahajia ya mchora ramani, na kwa orodha hiyo ndipo anaingia kwenye kanzidata. Huandika "Nyaka" na alama ya nyota ili kompyuta ilete kila linaloanzia hapo. Huandika Bukoba kwa miaka ya ukoloni, Ziwa Magharibi mpaka 1979, Kagera na Karagwe baada ya hapo. Kisha humwendea mzee wa kijiji na majina hayo, maana mzee atamwambia ni kilima gani mchora ramani alikikosea.

Mwanahistoria mmoja alionyesha jinsi kazi hii inavyofanyika. Israel Katoke alichapa mwaka 1975 historia ya ufalme wa Karagwe hadi 1915, akishika mapokeo ya wazee mkono mmoja na maandishi ya wageni mkono wa pili. Kitabu chake kinatumia jina la Karagwe bila mabano. Katika katalogi zinazokitaja, hilo jina liko mwanzo wa mstari.

Mwaka 2019 Serikali ilipandisha hadhi mapori ya akiba ya pande hizi kuwa hifadhi za taifa. Moja ikaitwa Ibanda-Kyerwa, nyingine Rumanyika-Karagwe, na matangazo yake yakaingia kwenye kanzidata za sheria. Kwa hiyo anayeandika "Rumanyika" humo sasa huletewa mipaka ya hifadhi. Mukama aliyewapokea Speke na Grant bado anapatikana, ila kwa neno jingine: inabidi uandike Bukoba.